Mtoto hakai sawa juu ya farasi: dalili, vyanzo na pa kuanzia

Mtoto akilia, akiteleza, au farasi akigoma kwenda, watu wazima waliosimama pembeni huwa na majibu mawili: mtoto mwoga, au farasi mkaidi. Ninafundisha watoto kupanda kwenye kiwanja cha mchanga kando ya Ziwa Victoria, upande wa Igombe, Mwanza, nikiwa na farasi jike wawili na punda mmoja. Majibu hayo nimeyasikia mpaka nimeyachoka, kwa sababu mara nyingi si kweli. Chanzo hukutwa kwenye ukwato, kwenye mkanda, kwenye saa ya somo, au kwa mtu mzima aliyeshika kamba. Ndiyo maana natafuta kwa mpangilio huu kila siku: farasi kwanza, vifaa pili, sisi watu wazima tatu, mtoto mwisho.

Maneno machache kabla hatujaendelea. Kikuku ni kile chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko. Vigwe ni kamba mbili anazoshika mpandaji, zilizofungwa kwenye lijamu, yaani chuma cha mdomoni. Mwendo unaofuata baada ya kutembea, ule wa kukimbia taratibu ambapo farasi hukanyaga miguu miwili ya mshazari kwa pamoja, watoto wangu wanauita mdundo, nami nimewafuata.

Mtoto hataki kumsogelea farasi

Uliza kwanza mtoto huyu amezoea wanyama gani. Hapa kwetu kuna makundi mawili, na kila moja lina shida yake.

Wa kwanza ni mtoto wa mjini, wa Kirumba au Nyegezi, ambaye mnyama mkubwa aliyewahi kumgusa ni mbwa. Mbele yake kinasimama kiumbe chenye uzito wa watu wanne, halafu nyuma yake baba anasema, "Panda bwana, hela imeshalipwa!" Hapo hakuna somo litakalofanyika. Mwombe baba akakae kivulini, kwa adabu lakini kwa uthabiti. Siku hiyo mtoto hapandi. Mpe ndoo.

Binti mmoja wa miaka sita alikuja ameng'ang'ania kitenge cha mama yake, uso ameuzika humo. Sikumwambia kitu kuhusu kupanda. Nilimwomba anisaidie kumpelekea maji Pamba, farasi wetu mweupe. Tuliiweka ndoo chini, tukarudi hatua tatu, tukatazama. Farasi anywapo, kila funda linaonekana likipanda shingoni kama yai linalopita ndani ya soksi. Binti akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Alipofika 14 akaniambia, "Mwalimu, maji yanapanda juu!" Mkono wake ulikuwa umeshagusa bega la Pamba, wala hakujua umefikaje. Alipanda wiki iliyofuata.

Kundi la pili ni watoto wa Misungwi, Magu, Kwimba, waliokulia kwenye maksai na punda. Hawa hawana woga kabisa, na hiyo ndiyo shida. Maksai unamfuata kwa nyuma, unampigia kelele, una fimbo. Mtoto akimjia farasi hivyo, farasi anaruka pembeni au anarusha teke, kisha mtoto jasiri anageuka mwoga kwa sekunde moja, na kumrudisha ni kazi kubwa kuliko ile ya yule wa kitenge. Mweleze kabla hajaingia uwanjani: macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, anaona karibu pande zote, ila haoni kilicho nyuma kabisa ya mkia wala kilicho mbele kabisa ya pua yake. Tunamwendea kwa upande wa bega la kushoto, tukiongea. Watoto wetu wanajua kusalimia wakubwa, kwa hiyo nawaambia wamsalimie. "Mwangaluka, Pamba." Ukweli ni kwamba salamu humfanya mtoto atoe pumzi, na farasi anausikia mwili uliolegea.

Tandiko linazunguka, mtoto anaegemea upande mmoja

Hili ni la hatari, kwa hiyo simamisha somo papo hapo, umshushe mtoto, kisha utafute.

Chanzo cha kwanza ni mkanda wa tumbo uliolegea. Farasi wengi hujaza kifua na kukaza misuli wakati wa kufungwa mkanda, halafu baada ya hatua chache wanalegea, nao mkanda unapwaya. Kwa hiyo mkanda unafungwa mara tatu: taratibu wakati wa kuweka tandiko, tena baada ya kumtembeza farasi mzunguko mmoja, tena mtoto akishakaa. Vidole viwili vipite chini yake kwa kubanwa kidogo. Vikiingia vinne, legevu. Kisipoingia hata kimoja, umembana mnyama, na kesho utashangaa kwa nini anauma.

Cha pili ni kikuku kimoja kuwa kirefu kuliko kingine. Ngozi ya upande wa kushoto huvutika zaidi kwa sababu ndiko watu wanakopandia. Simama mbele ya farasi, mtazame mtoto kama unavyotazama mizani ya sokoni: magoti yake yalingane. Yasipolingana, hesabu matundu ya ukanda, kisha upime na kwa jicho, maana matundu hudanganya ngozi ikishavutika. Badilishana mikanda ya vikuku kila mwezi, wa kushoto uende kulia.

Cha tatu ni farasi mwenyewe. Akiwa na maumivu upande mmoja wa mgongo, atalikwepesha tandiko, na mtoto atakaa upande bila kosa lake. Pitisha kiganja kwa kukandamiza kidogo kutoka pale shingo inapokutana na mgongo mpaka kiunoni. Akizama chini, akitikisa ngozi au akilaza masikio, siku hiyo hapandwi.

Mtoto anadunda kama gunia kwenye mdundo

Tazama vikuku kwanza. Kabla mtoto hajapanda, aweke ncha za vidole kwenye kifungo cha juu cha ukanda, anyooshe mkono, na kikuku kifike kwapani. Hicho ni kipimo cha kuanzia. Kikuku kirefu kinamfanya atafute chini kwa vidole vya mguu, kifupi kinamsukuma nyuma ya tandiko.

Kama vikuku viko sawa, msikilize. Mtoto anayedunda sana huwa amebana pumzi na magoti, na magoti yakibana yanamtupa juu kila farasi akikanyaga. Mwambie aimbe. Wimbo wowote wa shuleni. Hakuna anayeweza kuimba huku amebana pumzi, na ndani ya mizunguko miwili utaona visigino vinashuka vyenyewe. Nimejaribu maelezo marefu ya nyonga na mgongo kwa watoto wa miaka saba, nikaacha. Wimbo unafanya kazi.

Ila mdundo usianze mapema. Mtoto aliyeweza kutembea mzunguko mzima amenyoosha mikono pembeni kama ndege, farasi akiwa ameshikwa na mtu mzima, ndiye yuko tayari. Asiyeweza bado ana masomo mawili matatu ya kutembea, na asionewe aibu.

Farasi haendi, au anasimama ghafla

Hapa ndipo farasi wengi wanaposingiziwa. Pitia ngazi hizi moja baada ya nyingine.

Inua kwato zote nne. Huku kwetu kwenye miamba, changarawe iko kila mahali, na kijiwe kimoja kilichokwama kando ya ile nyama laini yenye umbo la V kinatosha kumgomesha mnyama. Kisafishe kwa ndoano ya kwato kutoka kisigino kwenda kidole. Ukisikia harufu ya kuoza na kuona weusi unaobanduka, ni ugonjwa wa unyevunyevu, na banda lako linahitaji kukauka kabla hujanunua dawa. Masika, kuanzia Machi, ndiyo kipindi chake. Kwato zichongwe kila baada ya wiki 6 hadi 8, iwe farasi anapandwa au hapandwi.

Pima uzito. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi. Mizani ya kumpima farasi hatuna, lakini utepe wa fundi cherehani tunao. Zungusha kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Kifua mara kifua mara urefu, vyote kwa sentimita, gawanya kwa 11,900. Pamba ana kifua cha 145 na urefu wa 138, inatoka kama kilo 244. Moja ya tano yake ni kilo 48 na ushee. Mtoto wa kilo 35 na tandiko la kilo 7 wanaenea, kaka yake wa sekondari haenei, hata akibembeleza. Punda wetu Dagaa simwekei mtoto wa zaidi ya kilo 30, nikikumbuka kwamba punda ni mvumilivu na hatakuambia mapema kwamba amezidiwa.

Tazama mikono ya mtoto. Mtoto mwenye wasiwasi huvuta vigwe kwa mikono na wakati huohuo anampiga farasi ubavuni kwa visigino. Mikono inasema simama, miguu inasema nenda. Farasi mwema husimama na kusubiri muafaka. Mwondolee mtoto vigwe kabisa kwa somo hilo, ashike singa za shingoni au mshipi wa mbele ya tandiko, nawe uongoze kwa kamba. Midomo ya farasi wa kufundishia huharibika kwa sababu watoto hupewa vigwe kabla hawajajua kukaa.

Kisha fikiria saa. Kuanzia saa tano asubuhi jua la hapa ni kali, na farasi aliyekwisha kufanya masomo matatu amechoka. Akiwa amepumzika, farasi mzima hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika, moyo hupiga mara 28 hadi 44, na joto lake ni kati ya 37.5 na 38.5. Baada ya kazi namba hupanda, ni kawaida. Zisiposhuka ndani ya nusu saa akiwa kivulini, umemzidisha. Finya ngozi ya bega: ikichelewa kurudi, ana kiu ya hatari. Huyu anahitaji lita 20 hadi 40 za maji kwa siku, na wakati wa joto zaidi ya hapo.

Kichwa kinazama kwenye majani, mtoto anavutwa mbele

Ni njaa au ni tabia. Mlishe majani kabla ya somo, kwa kuwa tumbo la farasi ni dogo na limeumbwa kula kidogokidogo kutwa nzima. Akiendelea baada ya kushiba, mfunge kamba nyepesi kutoka kwenye lijamu hadi kwenye tandiko, yenye urefu wa kumruhusu kunyoosha shingo lakini asifike chini. Mtoto asiachwe kupigana naye, hatashinda.

Farasi anashtuka

Kiwanja cha kando ya ziwa kina mambo yake. Asubuhi kunatulia. Kadiri nchi kavu inavyopata joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani, mabati yanapiga kelele, turubai la wavuvi linapepea, na farasi aliyekuwa mpole saa moja anakuwa mwingine saa sita. Wazazi wengi wanapenda kuja saa nne na nusu, wakishapata chai. Mimi nimekataa. Wanaoanza wanapanda saa moja hadi saa tatu asubuhi, au jioni upepo ukishapungua.

Vyanzo vingine ni vya kawaida: bodaboda, sandarusi inayopeperuka, korongo anayetua ghafla karibu na mabaki ya samaki. Mzoeze farasi kimoja kimoja bila mtoto mgongoni. Mwenye bodaboda ya jirani alikubali kuja kuizungusha injini nje ya uzio, kila siku karibu kidogo kuliko jana, mpaka Pamba akawa anaendelea kutafuna.

Mtoto naye afundishwe la kufanya: shika singa, kaa chini kwenye tandiko, usipige ukelele. Na mtu wa kamba asijifunge kamba mkononi hata siku moja. Ikunje kwa mikunjo ya kulala juu ya kiganja. Kamba iliyozungushwa mkononi, farasi akikimbia, huondoka na vidole.

Anauma, anarusha teke

Karibu kila mara masikio yalilala kwanza na hakuna aliyetazama. Kama ni wakati wa kufungwa mkanda, tafuta kidonda chini ya mkanda au mgongo unaouma. Kama ni kwa watoto wanaomlisha mkononi, acha kulisha mkononi, weka kwenye ndoo. Kama ni kwa anayepita nyuma, apite ama karibu kabisa akiwa amemwekea mkono kiunoni, ama mbali, mita tatu na zaidi. Umbali wa katikati ndio wa kuvunjika mfupa.

Farasi amezubaa asubuhi, hataki kula

Mtoto asipande, na wala usingoje kesho. Angalia mambo haya, nayo yote yanahitaji daktari wa mifugo.

Akitazama tumbo lake, akipiga chini kwa ukwato, akilala na kugaagaa, tumbo linamsokota. Farasi hawezi kutapika, kwa hiyo kilichokwama hakirudi. Ondoa chakula, mwite daktari, mtembeze taratibu kama anataka kujirusha chini. Usimpe vidonge vya watu.

Homa pamoja na uvimbe juu ya macho, au povu puani, ni dalili za ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaenezwa na visubi, wadudu wadogo kuliko mbu wanaopenda maeneo ya majimaji, na huuma zaidi kuanzia magharibi hadi alfajiri. Farasi wengi wanaoupata hufa, ilhali punda na pundamilia huuhimili zaidi. Sisi tuishio ukingoni mwa ziwa tuwaingize farasi bandani kabla jua halijazama, tuweke wavu wa tundu ndogo, na tuulizie chanjo. Yale mawingu ya vijidudu yanayopaa ziwani kama moshi hayaumi, hayo yasikutishe.

Na chakula. Watu hupenda kununua chakula cha ng'ombe au kuku kwa sababu kinapatikana. Baadhi yake huwekwa monensini, dawa ambayo kuku na ng'ombe huihimili lakini farasi humuua kwa kuuharibu moyo. Mahindi yenye ukungu nayo huharibu ubongo wa farasi: anayumba, anagonga ukuta, anakufa. Kama pumba inanuka uvundo, itupe pasipofikiwa na mnyama yeyote.

Mtoto anakohoa, anachubuka, anawashwa macho

Mapaja yaliyochubuka ni suala la kaptura. Avae suruali ndefu isiyo na mshono mnene ndani. Kiatu kiwe kimefungwa na chenye kisigino kidogo ili mguu usipenye kwenye kikuku, kandambili hapana. Helmeti iwe ya kupandia farasi. Ile ya bodaboda ni nzito mno kwa shingo ya mtoto. Itikise ikiwa imefungwa: ngozi ya paji la uso isogee nayo.

Macho kuwasha na kupiga chafya mara nyingi ni vumbi la majani makavu au manyoya. Apigie brashi nje, upepo ukiwa nyuma yake. Akibanwa kifua au akipumua kwa mluzi, mtoe hapo na umpeleke kituo cha afya. Kila mtoto awe amekamilisha chanjo ya pepopunda, na farasi vilevile, kwani vijidudu vyake viko kwenye udongo na mavi, na farasi huathirika vibaya.

Watoto wamelowa jasho, wanataka kumwingiza farasi ziwani

Wataomba kila siku, na picha ni nzuri kweli. Kataa. Maji ya kina kifupi yenye magugu ndiko konokono wa kichocho wanakoishi, na vijidudu vyao huingia mwilini kupitia ngozi, zaidi jua likiwa juu. Mwanza tunaujua ugonjwa huu vizuri. Ongeza mamba na kiboko. Mwogeshe farasi kwa ndoo na maji ya bomba, watoto wakiwa na viatu. Na mtoto aliyekwisha kuingia ziwani hapo awali apelekwe akapimwe, mkojo na choo, kwa kuwa anayelalamika tumbo kila somo huenda hana woga wowote.

Ameanguka

Farasi akamatwe na mtu mwingine. Wewe piga magoti karibu na mtoto, usimnyanyue. Mwache aseme mwenyewe wapi panauma, asogeze vidole vya mikono na miguu. Maumivu ya shingo au mgongo, ganzi, kuzimia hata kwa sekunde chache, kutapika, kuuliza swali lilelile mara tatu: asisogezwe zaidi ya lazima, aende hospitali. Helmeti iliyogonga chini isitumike tena hata kama haina ufa.

Akiwa mzima, usimlazimishe kurudi juu ya tandiko. Najua tumefundishwa kwamba arudi palepale. Wengine hurudi wenyewe huku wakicheka, wawe huru. Lakini aliyeanza kutetemeka akipandishwa kwa nguvu, wiki ijayo huja akiwa na homa ya uongo. Mwache amshike farasi kamba wakitembea kuelekea bandani. Kisha rudi kwenye mpangilio: ukwato, mkanda, saa, mikono yako.

Hataki kushuka

Hili nalo ni tatizo, kwa sababu dakika 30 zinamtosha anayeanza na zinamtosha farasi. Mtoto hulilia dakika nyingine akidhani somo limekwisha. Mwonyeshe kwamba bado. Atoe miguu yote miwili kwenye vikuku, ainame mbele, ashuke kushoto. Alegeze mkanda tundu moja. Tandiko likishatolewa, aweke kiganja pale lilipokuwa, ausikie mgongo ulivyo moto na ulivyolowa, kisha achukue brashi.